Usiongeze Maneno Yako

Mtwara, Agosti

Mdogo wangu Deo,

Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Mkiitikia marahaba huko Izia, mimi huku nitakuwa nimeshaipokea. Goti la Mama linaendeleaje na baridi hii ya kwenu? Dawa ya kuchua iko kwenye mfuko huu huu uliokuja na barua. Ni ya Mama, si ya Deo kujipaka akitoka mpirani. Na Baba, kikohozi kimepungua? Upumzishe sauti kidogo, nyimbo za Jumapili wapo wengine wa kuzianzisha. Mimi ni mzima. Nimeungua kiganja cha kushoto lakini kinapona, nakula, nalala.

Wewe Deo sikuulizi hali. Hali yako nimeiona kwenye karatasi ya mtihani wa majaribio. Mwalimu wako wa tuisheni pale Mazwi ameipiga picha akanitumia, kwa sababu wewe ulisema hazijasahihishwa.

Barua hii utamsomea Mama kwa sauti, Baba akiwepo. Nimeandika kwa mkono kwa vile simu yako ina ugonjwa wa kukatika kila ninapotaja alama. Na usiruke. Mama, akinyamaza ghafla halafu akaanza tena kwa sauti ya juu, ujue ameruka. Mwambie arudi nyuma.

Huku kazi imekuwa kali. Mtambo wa barafu wa soko la samaki uliharibika siku ambayo pweza wameingia kwa wingi. Nilipofika na mfuko wangu wa vifaa, wachuuzi wakanizunguka.

"Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Dada, usitutanie. Pweza wanaoza."

"Wakioza, wewe ndiye utakayewala. Nipisheni."

Jamaa mmoja akapaza sauti ili wote wasikie: "Basi tumekwisha! Kaiteni na mpishi aje afunge boliti." Wakacheka. Nilitengeneza huku wanacheka, nikaunguza kiganja kwenye bomba la moto, na barafu ilipoanza kudondoka hakuna aliyesema asante, walikuwa wananyang'anyana. Siwaelezi haya ili mnihurumie. Naeleza ili Deo ajue kwamba mashine iliyokufa haikuulizi swali ulilolizoea.

Sasa habari yenyewe. Mama Zuhura, mwenye karakana ninakofanya kazi, anachukua mwanafunzi mmoja Januari. Mmoja tu. Atalala chumba cha nyuma ya karakana, atalishwa, atafundishwa mwaka mzima ufundi wa majokofu, kisha Mama Zuhura mwenyewe atampeleka chuo cha ufundi. Anataka mtu aliyefaulu fizikia na hesabu, na anataka mmoja wetu sisi mafundi wake amdhamini. Jina linatakiwa mwisho wa mwezi ujao, matokeo ya mtihani wa Novemba atakuja nayo mkononi. Nikamwambia nina mdogo wangu, anarudia kidato cha nne. Akaniuliza, "Anaelewa, au anajua kusema?"

Deo, nimefanya kazi na yule mama miaka sita, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimekosa jibu mbele yake.

Nilikosa jibu kwa sababu ya nilichokiona nilipokuja likizo Juni. Asubuhi ya kwanza nilikukuta nyuma ya nyumba umejitanda blanketi la Mama, unakwenda na kurudi kati ya choo na banda la kuku, unakariri kwa Kiingereza. Mama alikuwa anafukuza kuku kwa kunong'ona wasikusumbue. Kuku kufukuzwa kwa kunong'ona! Baba kakaa kwenye kigoda, kafumba macho, anapiga goti kwa kidole kama anayefuata wimbo. Wakapita akina mama wawili wa jumuiya na vikapu vyao. Mmoja akasema, "Huyu mtoto ana kichwa!" Mwenzake akajibu, "Kama redio." Alisema kweli kuliko alivyojua. Redio nayo haielewi inachokisema.

Nikakusimamisha katikati ya sentensi. Kama umesahau, nitakukumbusha.

"Hapo hapo. Endelea."

"Ngoja, dada, nianze upya."

"Usianze upya. Endelea ulipoishia."

"Siwezi kuanzia katikati."

"Haya. Maji kugeuka mvuke ni nini?"

Ukanipa ivaporesheni yote ya Kiingereza, kutoka juu mpaka nukta.

"Kwa Kiswahili."

"Hatusomi kwa Kiswahili, dada."

"Sawa. Ukitoka kuoga asubuhi hapa kwetu, kabla hujajifuta, unatetemeka. Ukishajifuta, afadhali. Baridi ni ile ile. Kwa nini?"

Ukanitazama kama nimekutukana. "Hilo halimo kwenye notisi."

"Limo mgongoni mwako kila siku."

Baba akafumbua macho. "Editha, usimchanganye mtoto. Alikuwa anakwenda vizuri."

"Anakwenda wapi, Baba?"

Mama akaniita nimsaidie kupepeta ulezi. Ndivyo tunavyomaliza mambo nyumbani kwetu, anayesema ukweli anapewa ungo.

Baba, hapa naomba radhi mapema, kisha naendelea. Wewe ni katekista wa kigango tangu sijazaliwa, na nusu ya watoto wa Izia wamepita mikononi mwako. Swali linasomwa kama lilivyo, jibu linatolewa kama lilivyo, bila kukwama. Kwa katekisimu sina ugomvi, askofu akija hageuzi maswali. Deo aliyatoa majibu yote akiwa na miaka saba, kabla hata umri wake wa kuulizwa haujafika, akabebwa mabegani kulizunguka kanisa. Mimi nilirudishwa Kipaimara miaka miwili mfululizo. Nilikalishwa benchi la mbele na watoto walionifika kiunoni, kwa kosa la kujibu kwa maneno yangu. Nilikuwa nimeelewa. Na wewe Baba ulijua nimeelewa. Fimbo ilitua huku unasema, "Usiongeze maneno yako."

Kuanzia hapo mimi nikawa mzito, Deo akawa kichwa cha nyumba. Mwaka ule ule aliobebwa mabegani mimi nilifeli kidato cha nne, mkasema ilitegemewa. Alipofeli yeye, mkaanza kumtafuta aliyemwonea wivu. Mlikaa vikao. Mkamtazama vibaya jirani aliyekuja tu kuazima chekecheo.

Hakuna aliyemwonea wivu. Nimepiga hesabu. Fizikia, mtihani wa majaribio: karatasi nane zimejaa, alama kumi na nne kati ya mia. Mama aliniambia kwa fahari kwamba umekariri kurasa sitini. Hiyo ni zaidi ya kurasa nne kwa alama moja. Ng'ombe angelima kwa hesabu hiyo, Baba angekuwa ameshamchinja. Tena angalia hizo kumi na nne zilikotoka. Zote ni kwenye maswali ya kutaja na ya kutoa maana. Kila palipoulizwa kwa nini, una sifuri. Kuna swali linauliza kwa nini mtu mwenye homa kali hupanguswa kwa kitambaa kibichi. Uliandika ukurasa na nusu wa ivaporesheni, mwandiko wa kupendeza, umepigia mistari kwa wino mwekundu, na mwenye homa hukumtaja hata mara moja. Mgonjwa wako amekufa, Deo, na wewe umemwandikia notisi.

Baba asikatize, bado sijamaliza. Novemba si mbali na kuna ya kufanya.

Kalamu mbili za bluu zilizobarikiwa kanisani baki nazo. Zile za rangi sita wagawie watoto wa jirani mliyemsingizia wivu. Kunakili notisi upya zipendeze si kusoma, ni kazi ya mikono, na kama unataka kazi ya mikono shamba lipo.

Soma kurasa mbili. Funga daftari, likalie. Chukua karatasi chakavu uandike kilichobaki kichwani, kwa Kiswahili, kwa Kifipa, kwa mchoro, vyovyote. Ukishamaliza fungua daftari uone aibu yako. Palipo na pengo ndipo pa kusoma, kwingine kote ulikuwa unajipaka mafuta. Ukishaelewa ndipo ukivalishe Kiingereza, maana mtihani hausahihishwi kwa Kifipa. Lakini huwezi kumvalisha suti mtu ambaye hayupo.

Halafu acha kuisimamia mada moja wiki nzima kisha ukaihama moja kwa moja kama nyumba iliyoungua. Baba anaijua ntumba. Majani yanafukiwa kwenye tuta, yanaachwa yaoze, halafu watu wanarudi kulifumua na kulitandaza ndipo wapande. Hakuna mtu wa Ufipa anayefukia majani leo akashinda amesimama juu yake anayaimbia. Mada ya joto isome leo, iache. Irudie keshokutwa bila daftari. Iache tena, irudie wiki inayofuata. Utakuta imepungua, na utakasirika. Hapo ndipo kazi ilipo. Ukihangaika kuikumbuka mpaka ikarudi, inakaa. Iliyoingia bila taabu inatoka na jasho la chumba cha mtihani.

Mitihani ya miaka ya nyuma unayo bunda zima, na umesoma majibu yake kama mtu anayesoma matangazo kituo cha basi. Funika majibu, weka saa mbele yako, kaa muda wote wa mtihani bila kwenda kunywa uji. Kisha jisahihishe kikatili. Huo ukatili mimi siwezi kuja kuufanya kila siku, nauli ya kutoka Mtwara unaijua.

Diskasheni yenu ya Mazwi nayo nimeiona. Mko saba. Mshikaji wako Remi anaongea, sita mnatikisa vichwa, mnamaliza kwa soda. Anayesoma pale ni Remi, ninyi mnamsindikiza. Siku utakayoshika chaki wewe, na Remi akakubana kwa maswali mpaka shati likalowa, njoo uniambie mlikuwa na diskasheni.

Na hizo video za hamasa. Mama anadhani unasikiliza mahubiri. Unakaa na simu kwanza ili upate moto wa kusoma, na yule jamaa mwenye tai anakupigia kelele kwamba wewe ni simba. Wewe si simba. Wewe ni mtahiniwa wa kurudia mwenye kumi na nne. Tangu nimjue Mama hajawahi kuamka akiwa na hamu ya kwenda kulima. Anakwenda, na hamu ikija inamkuta yuko mstari wa tatu. Wewe nawe kaa kwenye kiti saa ile ile kila siku, ukiwa unataka au hutaki, baada ya kazi za asubuhi. Ndiyo, kazi za asubuhi utazifanya, kuku wafukuzwe kwa sauti ya kawaida. Soma dakika arobaini, inuka ukachote maji, rudi. Simu iwe ndani ya debe la unga wa ulezi, na funguo za stoo awe nazo Mama. Usiku ulale. Kukesha na mshumaa kunawapendeza wapita njia, kichwa chenye usingizi hakishiki kitu.

Haya sikuambiwa na mtu mwenye tai. Nilipofika Mtwara nilikuwa napanga mikate kwenye kiwanda kidogo cha mikate, na jioni najisomea nirudie mtihani. Nilikuwa nakariri kama wewe, tena vibaya kuliko wewe, maana sina hata hiyo sauti. Mlango wa pili alikaa Bi Somoe, anapika vitumbua barazani.

"We Mfipa, unasema nini peke yako?"

"Nasoma umeme."

"Nisomeshe na mimi, nisikae bure."

Nikamweleza. Akageuza kitumbua. "Sijaelewa."

Nikarudia yale yale kwa sauti kubwa zaidi.

"Mbona unanizungusha?"

"Wewe hukusoma, Bi Somoe."

"Sikusoma, lakini mtu anayejua nikimsikia namjua. Wewe hujui. Toka kwenye moshi wangu, urudi ukijua."

Nilimchukia yule mwanamke kwa moyo wote. Na nikarudi. Akanifukuza tena, mbele ya wateja, akiniita kasuku wa bara. Jioni moja akanisikiliza mpaka mwisho, vitumbua vikaungua upande mmoja, akasema, "Kumbe!" Akamgeukia mteja wake akamweleza mbele yangu, kwa maneno yake, na akapatia. Mtihani ulipokuja nilikuwa nimeshaufanya barazani.

Kwa hiyo jina lako nimelishikilia, sijalipeleka. Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, baada ya misa, nitapiga simu ya Baba. Sitaongea na wewe, Deo. Nitaongea na Mama. Kuna mtungi wake wa maji kwenye kona ya jiko, na pembeni kuna ndoo ya plastiki. Maji yametoka bomba moja, yamekaa kivuli kimoja. Kwa nini ya mtungini ni ya baridi kuliko ya kwenye ndoo? Na usiniletee kwamba udongo ni wa baridi, hilo hata kuku wanalisema. Mama atanieleza kwa Kifipa, kwa maneno yake. Aliyemfundisha utakuwa wewe. Nitamkatiza katikati nimwambie aendelee hapo hapo, na nitamuuliza kwa nini mtungi ukipakwa rangi ya mafuta unaharibika kazi. Akinieleza, naandika jina lako na nitamtazama Mama Zuhura machoni. Akishindwa, naandika jina la Asha, binti wa fundi seremala wa mtaani kwetu huku. Ameshaniuliza mara nyingi kama nafasi ipo, na nimekuwa nikimficha kwa ajili yako. Nimechoka kumficha.

Baba, kuna jambo moja nakuomba kwa heshima zote. Usimkaririshe Mama jibu. Najua litakupitia akilini, pengine limeshakupitia. Mtaketi jioni, swali kama lilivyo, jibu kama lilivyo, naye kwa utii wake atalishika. Nitajua. Binti yako alikaa benchi lile miaka miwili, anaujua mlio wa jibu la kukaririshwa.

Mama yangu, hapa Deo asome polepole. Najua utamwonea huruma. Atakueleza ovyo, atakutazama kwa yale macho yake, nawe utasema umeelewa, kama ulivyokuwa ukisema umeshiba miaka ile sufuria likiwa dogo. Tulikuamini, Mama, tukala na fungu lako. Safari hii usiseme. Ukiwa hujaelewa, mwambie hujaelewa, mfukuze jikoni, arudi. Akilia, alie. Ukimhurumia kwenye swali hili utabaki naye nyuma ya nyumba na blanketi lako mpaka atoke mvi, na watu watapita na vikapu wakisema ana kichwa.

Msalimieni Bibi mzaa Baba, mwambieni miwani yake inatengenezwa. Baba mdogo wa Kabwe, mwambieni migebuka yake niliwapikia watu wa huku wakasema samaki wa ziwa hana ladha, nikaacha kuwasemesha wiki nzima. Shangazi wa Mazwi na mume wake, wape salamu zangu, na mama mwenyekiti wa jumuiya, na yule jirani wa chekecheo, huyo mkamwombe na msamaha.

Deo, nakutaka hapa. Chumba kile cha nyuma nimekifagia, nimetoa mabomba chakavu, nimetafuta na godoro. Lakini likiandikwa jina la Asha nitasikitika jioni moja, na asubuhi yake nitamfundisha kushika koleo, na nitamfundisha vizuri.

Ni mimi dada yako, niliyekunyima huruma kwa makusudi,

Editha